Mwenye Kufuga Mwamba na Afuge Maji Kwanza

Tumbawe si mgeni katika majumba ya pwani yetu. Mafundi wa kale wa Kilwa, Lamu na Unguja walilitoa baharini lingali bichi, wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu, wakatengeneza mihirabu na vidaka ambavyo hata leo humshangaza mtazamaji. Na katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyokatwa katika jiwe la namna hiyo yangali ukutani yakitaja mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Miladi. Lakini tumbawe hilo liliingia nyumbani likiwa mfu. Siku hizi wako watu wanaotaka liingie likiwa hai, lipewe sanduku la kioo sebuleni, maji ya chumvi, taa ya buluu na jozi ya samaki wa rangi, likue mbele ya macho ya wenyeji na wageni. Na juu ya azma hiyo ndipo ninapotaka kusema neno, kwa kuwa naiona ni azma njema ambayo aghalabu huendewa kwa njia mbaya.

Wapo wanaoikataa moja kwa moja, wakisema ni israfu na kuiga mambo ya Ulaya: mtu aliyezaliwa karibu na ufuko ana haja gani ya kununua bahari kwa lita? Hoja hii ni tamu masikioni, ila haina uzito. Wengi wetu tuliozaliwa pwani hatujapata kuuona mwamba kwa ndani. Tunaujua kwa samaki aliyelala juu ya meza ya mnada, kwa unyayo uliochanika maji yalipokupwa, na kwa povu jeupe linaloonekana mbali pale mawimbi yanapovunjika. Mvuvi wa pweza na mpiga mbizi wanaufahamu. Karani, mwalimu na muuza duka hawaufahamu, na watoto wao ndio kabisa. Ikiwa tangi la lita 40 litamfanya mtoto wa Kariakoo au wa Majengo akae kimya nusu saa akitazama mnyama asiye na macho wala miguu akinyoosha minyiri yake kudaka chakula, mimi siwezi kuiita fedha iliyotumika humo kuwa imepotea.

Ubaya uko katika mpango wa kazi. Mtu huanza kwa samaki. Hununua tangi, chumvi, mchanga na samaki kwa safari moja, akavikusanya jioni, akawaita jirani kutazama. Na juma moja au mawili yakipita, samaki wanaelea, na lawama inakwenda kwa muuzaji, au kwa maji, au kwa jicho la hasidi. Yote hayo ni kuwasingizia. Samaki amekufa kwa sababu alitiwa katika maji ambayo hayajawa na uhai wa kumpokea.

Waliotangulia katika jambo hili waliyajua maji kabla ya kingine chochote. Mwaka 1846 bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, aliyekuwa akikaa London, aliona matumbawe madogo ya baharini huko Torquay, akatamani kuyachukua. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sponji kubwa, akaitia sponji katika chombo cha kioo chenye maji ya bahari, akasafiri nayo mpaka mjini. London haina bahari, na maji aliyoletewa hayakuwa mengi. Basi kila siku mtumishi wake wa kike alisimama mbele ya dirisha lililo wazi akiyamimina yale maji kutoka chombo hiki kwenda chombo kile, muda wa nusu saa na zaidi, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata bibi yule aliagiza vipande vya mwamba vyenye mwani ulio hai, akaviweka pamoja na matumbawe yake, naye akaishi nayo miaka takriban mitatu. Miaka michache baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba la kwanza la kutazamia viumbe wa majini kwa ajili ya watu wote, kwa msaada wa mwanachuoni Philip Henry Gosse, na shauku ikaenea Uingereza nzima.

Walakini mtu aliye karibu nasi zaidi ni Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 aliueleza ulimwengu utaratibu wake mwepesi: mawe yenye viumbe hai kutoka mwambani, maji safi ya bahari, mwanga wa jua, na mapovu machache ya hewa yakipanda taratibu. Hakuwa na kichujio kikubwa. Wazungu walioishi mbali na bahari ya joto walishindwa kuufuata sawasawa, wakabuni mashine badala yake. Lakini siri aliyoionyesha, kwamba jiwe lenyewe ndilo kichujio, ndiyo msingi wa matangi mengi ya matumbawe yaliyosimama tangu siku zile.

Siri hiyo haina uchawi. Samaki akipumua na kujisaidia hutoa amonia, nayo ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Katika matundu ya jiwe huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji, tuseme asilimia 10 kila juma. Bakteria hawa huongezeka kwa mwendo wao wenyewe: majuma manne, sita, pengine nane. Katika muda huo mwenye tangi hutia chakula kidogo kioze, hupima kwa dawa zinazouzwa kwa kazi hiyo, na hungoja mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Ziko chupa za bakteria zinazouzwa, nazo husaidia, ila hazimwondolei mtu wajibu wa kupima.

Wengi huiita miezi hiyo ya kungoja kuwa ya bure, nami nasema ndiyo yenye mambo mengi ya kutazamwa. Kwanza kioo na mawe hufunikwa na vumbi la kahawia, ambalo ukilifuta leo limerudi kesho; kisha siku moja linatoweka lenyewe, na mahali pake panaota mwani wa kijani katika nyuzi fupi. Ukiwa umetia kijiwe kimoja kutoka tangi la rafiki lililokwisha komaa, basi zima taa usiku, umulike kwa tochi kutoka ubavuni: utaona vidudu vyeupe, vidogo kuliko chembe ya mchele, vikikimbilia matunduni, na pengine mnyoo mdogo aliyejijengea mrija wa chokaa, ametoa nje unyoya wake mwekundu, naye akihisi kivuli cha mkono wako huuvuta ndani kwa ghafla isiyofuatika kwa macho. Hayo yote hutokea kabla ya samaki hata mmoja.

Kuhusu ukubwa wa tangi, wauzaji hupenda kumwambia mgeni aanze na dogo kwa kuwa ni rahisi. Rahisi kwa bei, naam; kwa kulitunza, sivyo. Chukua tangi la lita 40, lenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita kama ilivyo bahari. Katika kiangazi cha kaskazi, chini ya feni, linaweza kupoteza lita moja kwa siku. Yanayopaa ni maji matupu. Chumvi hubaki yote. Ukilisahau siku tatu, gramu zile 1,400 sasa zimo katika lita 37, na kila lita ina gramu karibu 38, badiliko la haraka linaloweza kulidhuru tumbawe lililozoea bahari tulivu. Kwa hiyo mwenye hadhari huchora alama juu ya kioo kwa kalamu, na kila asubuhi huyarudisha maji mpaka alama hiyo, akitumia maji baridi yaliyochujwa vizuri, si ya chumvi, wala si ya bomba yenye klorini, wala si ya visima vyetu vya mjini ambavyo vingi vina magadi. Tangi kubwa husamehe uzembe wa siku mbili, dogo halisamehe.

Joto nalo lina hukumu yake. Maji yapasa kuwa baina ya nyuzi 24 na 27, ilhali vyumba vyetu mwezi wa Februari hupita hapo bila taabu. Feni ndogo ikipuliza juu ya uso wa maji huyapunguza nyuzi mbili au tatu, ingawa kwa kufanya hivyo huyapaisha zaidi, na alama ya kalamu huwa na kazi zaidi. Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa huisha majini katika muda wa saa chache, basi ni lazima pawe na kijipampu cha betri. La sivyo kazi ya yule mtumishi wa London itakuwa yako usiku kucha.

Maji yenyewe, kwa aliye pwani, yako bure, maadamu anajua pa kuyateka. Asiyateke bandarini, wala mbele ya mlango wa mto, wala katika masika mito inapomwaga matope. Na aende siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa tele kutoka nje, ayapime uzito wake mpaka haidromita isome 1.025, kisha ayaweke katika mapipa yaliyofunikwa, gizani, siku kadhaa kabla ya kuyatumia. Aliye Dodoma au Nairobi atanunua chumvi ya pakiti.

Nimefika sasa katika jambo ambalo sina msamaha nalo. Mwamba wetu si ghala la kupambia sebule. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakapauka na kufa, na miaka iliyofuata imeleta joto jingine. Juu ya hayo kuna nyavu za kukokota, nanga, na baruti. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa tangu mwaka 1968, ni haramu kutoa chochote, na matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hayapiti mpaka bila kibali. Mtu anayevunja tawi la mwamba kwa nyundo maji yakipwa, kisha akalitia katika ndoo, hafugi; anaiba, na aghalabu anaiba ili aue.

Mbona afanye hivyo, na njia nyingine ipo? Jiwe la kuwaweka bakteria laweza kuwa lile la timbo, tumbawe la zamani lililokufa kabla ya babu zetu, ambalo Kilifi na Mombasa hujengea nyumba kila siku: lioshwe na kulowekwa majuma kadhaa, litafaa. Samaki yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, ambaye jamaa zake wamo miambani kwetu, amekuwa akizalishwa na wafugaji tangu miaka ya 1970, na aliyezaliwa tangini hula chakula cha mkononi bila kusita. Tena ni kiumbe wa ajabu: wote huanza wakiwa madume, mkubwa wao hugeuka jike, na jike akifa mume wake hushika nafasi yake. Jozi moja yatosha kwa tangi dogo.

Limebaki tumbawe. Tawi la ukubwa wa kidole, likikatwa kwa uangalifu na kugandishwa kwa gundi juu ya kisahani cha saruji, hukua likawa mti mwingine. Watu wa Wasini wanapandikiza matumbawe ili kuponya mwamba wao. Akina mama wa Jambiani wanalima sponji. Na Unguja imelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Idara za uvuvi za Kenya na Tanzania zina kila sababu ya kuvipa vijiji vya pwani leseni ya kupanda matawi ya kuuza, kila moja na karatasi inayotaja shamba lilikotoka, ili mvuvi apate senti na mwamba ubaki mahali pake. Na mpaka karatasi hiyo itakapokuwapo, mnunuzi amwulize muuzaji tumbawe hili limekatwa wapi, na akijibiwa kwa kuinua mabega, atoke dukani na fedha yake.