Msanii wa Mtoni na mtandao: wimbo ni wako, akaunti ni ya nani?

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili nyimbo zao zirekodiwe kwenye santuri. Kampuni ndiyo iliyorekodi na ndiyo iliyouza. Leo kijana wa Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe, anaweza kurekodi katika studio ya chumba kimoja mtaani, na baada ya siku chache wimbo wake ukasikilizwa Muscat au London. Safari imefupika. Lakini swali la nani anamiliki wimbo na nani analipwa bado liko pale pale, na ndilo tunaloliangalia katika makala haya.

Wengi humtaja Zuchu kuwa ushahidi kwamba mtandao unatosha. Ni Mzanzibari, binti wa Khadija Kopa, na mwaka 2021 chaneli yake ya YouTube ilifikisha wafuatiliaji milioni moja. Hata hivyo, Zuchu alitambulishwa Aprili 2020 na WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, ambaye tayari alikuwa na mamilioni ya mashabiki na vyombo vyake vya habari. Msanii wa kujitegemea hana mgongo huo. Huanza na simu, deni la studio na marafiki wa kumsambazia.

Tutazame hesabu yenyewe. Ili YouTube ianze kugawana na msanii mapato ya matangazo ya video za kawaida, chaneli inahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zake fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Fedha hazitumwi mpaka zifike dola 100 za Marekani. Spotify nayo, tangu 2024, hailipi wimbo ambao haukusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Tena, thamani ya tangazo hutegemea mtazamaji yuko wapi: wa Uingereza kwa kawaida huingiza zaidi kuliko wa Darajani. Kwa hiyo Wazanzibari walioko nje wana uzito katika mapato kuliko idadi yao.

Ndiyo maana kwa wasanii wengi wa Unguja mtandao ni kibao cha duka kuliko duka lenyewe. Siti & the Band, kundi lenye wanamuziki waliopita Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi (DCMA), lilitoa albamu yake ya Fusing the Roots mwaka 2018. Muziki kama huo, unaotegemea udi, kanuni na sauti ya moja kwa moja, hujengwa jukwaani, na kisiwani jukwaa kubwa ni Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004. Video ya mtandaoni humwezesha mwandaaji wa tamasha, meneja wa hoteli au mwenye harusi kumsikia msanii kabla ya kumpigia simu. Fedha ya uhakika zaidi hutoka kwenye onesho.

Mtego uko kwingine. Spotify haipokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii. Lazima upitie kwa msambazaji wa kidijitali, na mwenye akaunti ndiye anayelipwa. Prodyuza, au rafiki mwenye kadi ya benki, akifungua akaunti hiyo kwa jina lake, mwimbaji hubaki na sifa na mwenzake hubaki na neno la siri. Wimbo ukiwa mdogo hakuna anayeuliza. Ukivuma, undugu huingia majaribuni.

Sheria ipo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, kama Bara ilivyo na COSOTA. Lakini ofisi haiwezi kukumbuka makubaliano ya mdomo yaliyofanyika studio usiku. Karatasi moja iliyosainiwa kabla ya kurekodi, inayosema nani anamiliki rekodi, mgawo ni upi na akaunti ni ya nani, humlinda mwimbaji na prodyuza pia. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.