Sindano ya Juma la 14

Ziko jamaa nyingi baina ya Bungoma na Kitale zenye makao mawili: boma la wazee liko Bungoma, na shamba la mahindi liko Trans Nzoia. Mtoto huzaliwa bomani na kuchanjwa mara ya kwanza huko, kisha mvua za Machi zikianza mama humbeba mgongoni na kwenda shambani kupanda. Kadi ya kliniki husahauliwa kwa nyanya. Juma la 10 hupita bila sindano, na la 14 nalo hupita, na kwa kuwa mtoto ananyonya na kucheka, hakuna aonaye kwamba pana neno.

Baba wa mtoto kama huyo hudhani kwamba ikiwa pana hasara, ni ya nyumba yake peke yake. Sivyo hata kidogo. Wako vijidudu viwili, kimoja huitwa Hib na kingine nyumokokasi, ambavyo hukaa puani na kooni mwa watoto wazima wasioonyesha dalili yoyote. Mtoto mmoja akikohoa, mwingine huvipokea. Vikipenya damuni ndipo huleta homa ya mapafu iliyo kali, sumu ya damu, na ugonjwa wa uti wa mgongo, ambao hata mtoto akipona waweza kumwacha kiziwi.

Ushahidi ulio wazi kupita wote katika Kenya watoka pwani, huko Kilifi, kwa sababu katika hospitali ya huko damu ya watoto wanaolazwa hupimwa kwa kuotesha vijidudu, na idadi ya watu wa vijiji vya jirani yajulikana. Chanjo ya Hib ilianza kutolewa nchini Novemba 2001. Mwaka mmoja kabla yake, watoto 66 katika kila 100,000 walio chini ya miaka 5 walipatikana na ugonjwa mkali wa Hib, na karibu mmoja katika kila wanne waliougua alikufa. Mwaka wa kwanza wa chanjo hesabu ilishuka hadi 47 tu, na mtu asiye na subira angaliweza kusema kwamba dawa ni dhaifu. Lakini kila mwezi watoto waliochanjwa walizidi kuwa wengi, na kijidudu kikakosa makoo ya kukaa. Mwaka wa tatu hesabu ilikuwa chini ya 8.

Chanjo ya nyumokokasi ilifuata mwaka 2011, na Kilifi walichanjwa hata watoto wa miaka 1 hadi 4 ili kazi iende upesi. Ugonjwa mkali wa aina 10 za kijidudu hicho zinazozuiwa na chanjo ulishuka kutoka watoto 61 hivi katika kila 100,000 hadi 3. La ajabu zaidi ni kwamba ulipungua pia kwa watoto wachanga wasiotimiza miezi 2, na kwa watu wazima, ambao hawakuchomwa sindano hiyo. Waliponea kwa sindano za wengine.

Hapana budi kusema pia kwamba chanjo hizi hazizuii kila kijidudu. Homa ya matumbo, kwa mfano, ina chanjo yake, ambayo Serikali ilianza kuitoa Julai 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Kwa mama aliye shambani, si lazima arudi Bungoma. Sindano hizi hazilipiwi katika zahanati za Serikali, na kadi iliyoandikwa Bungoma husomwa Kitale vilevile. Majuma yakiwa yamepita, mtoto haanzi upya. Huendelea pale alipoachia. Na kadi ikiwa imepotea, muuguzi apewe jina la zahanati ya kwanza na mwezi wa kuzaliwa, kwani sindano iliyotolewa huandikwa katika daftari la huko pia.