Trekta ndogo kwa Kitshanga: tuanze na upinde, kabini itafuata



Kila nikipita sokoni na kinasa sauti changu, wakulima wa chama kimoja cha hapa wananisimamisha kwa ulizo lile lile. Wamechanga pesa kidogo kidogo, na ndugu zao walio ng'ambo wameahidi kuongeza. Wanataka trekta ndogo, ile ya nguvu za farasi kati ya 25 na 50. Wamekwama kwa jambo moja: wachukue yenye kabini ao isiyo na kabini? Vijana wanataka kabini. Mama mmoja anayelima maharagi akaniuliza: «Baba wa redio, hiyo kabini itanilimia nini?»

Nitasema maoni yangu wazi, na mwenye maoni mengine anijibu.

Kwanza tuwape haki yao wanaotaka kabini. Masisi ni inchi ya mvua na baridi. Shofere aliyekaa wazi analowa asubuhi, anachomwa na jua saa sita, na siku ya kukauka anakula vumbi. Kelele nazo si mchezo: sauti inayopita desibeli 85 kwa saa nane kila siku inaharibu masikio polepole, na trekta nyingi za wazi zinapita hapo. Kabini nzuri inapunguza hayo yote. Anayesema kabini ni majivuno tu, amekosea.

Lakini tuangalie tunakoishi. Ile barabara ya kutoka Sake kupanda hapa tunaijua, mashimo yake na matope yake. Kabini ina vioo, milango, nyaya za umeme na feni. Kioo kikipasuka Kitshanga, tutakipata wapi, na kwa pesa gani? Tangu Januari 2025 mabenki ya Goma yalipofungwa, hata mfanyabiashara mwenye mali anahangaika kupata dola mkononi. Kila kitu kinachoongezwa kwenye mashine ni kitu kitakachodai kutengenezwa siku moja. Inchi yetu ilishaona mfano mkubwa: Bukanga Lonzo ilizinduliwa mwaka 2014 na mashine nyingi, na mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Kununua ni siku moja, kutunza ni miaka.

Halafu kuna uzito. Kila kijana aliyeshusha chukudu iliyojaa viazi anajua: mzigo ukikaa juu, kona inakuangusha. Trekta ni vile vile. Kabini inaongeza uzito juu, na milima yetu haina huruma.

Hapo ndipo penye jambo ambalo sikulisikia kwa mtu hata mmoja pale sokoni. Mvua haiui shofere wa trekta. Kinachomuua ni trekta kupinduka na kumlalia. Kuna dawa, nayo si ya ajabu: upinde wa chuma kigumu, uliofungwa nyuma ya kiti na kiwanda chenyewe, pamoja na mkaba wa kiti. Trekta ikipinduka, upinde unashika uzito, na mkaba unamzuia shofere asirushwe chini yake. Sweden iliulazimisha kwa trekta mpya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vilishuka sana. Kabini iliyojengwa vizuri ina chuma hicho ndani yake. Lakini paa la mabati lililochomelewa kwa fundi wa mtaani ni kivuli tu. Tusidanganyike nalo.

Kwa hiyo jibu langu: nunueni isiyo na kabini, lakini msikubali hata siku moja isiyo na upinde. Muuzaji akisema ataushusha bei akiutoa, mwacheni na trekta yake. Pesa iliyobaki iende kwa jembe la trekta, remoki, filta na mafuta ya injini, koti nzuri ya mvua kwa shofere na vizibo vya masikio. Upinde ukiwa umesimama, mkaba ufungwe. Ukiwa umelazwa ili kupita chini ya matawi, mkaba usifungwe, maana hapo utamfunga mtu kwa kifo chake. Na mkitoka chini ya miti, usimamisheni tena mbio. Msitoboe wala kuuchomelea. Remoki ivutwe kwa chuma cha chini, maana ukivuta kwa juu mashine inaweza kuinua pua na kukuangukia mgongoni. Na mtoto asipande kwenye bawa la gurudumu, hata akilia.

Sasa kuna wale wanaoogopa trekta yenyewe. Ni wengi, na wana sababu. Familia zilizopita Mungote na Kahe, halafu Bulengo ao Lushagala, zikarudi mwaka 2025 bila kitu, leo zinakula kwa kulimia wengine kwa siku. Wananiuliza: mashine ikifika, jembe letu litakula wapi?

Naona mlima wenyewe umeshajibu. Kwa mteremko mkali, trekta iko salama zaidi ikipanda na kushuka moja kwa moja kuliko kukata kando. Lakini udongo unataka kinyume: ulimwe kwa kukata kando, ili mvua isiuteremshe bondeni. Ukifuata usalama wa mashine unapoteza udongo, ukifuata udongo unahatarisha shofere. Basi kwa mteremko mkali trekta haina kazi. Ibaki mabondeni na kwenye tambarare, ivute na mavuno mpaka barabarani. Mlimani ni jembe, na mwenye jembe alipwe. Chama kiandike hivyo kwenye kanuni zake kabla ya kununua.

Ninalo neno la mwisho, na ndilo linaloninyima usingizi. Jembe likikosea mpaka, linakosea hatua moja, na jirani anapiga kelele. Trekta inaweza kungoa miti ya mpaka ya familia nzima kwa asubuhi moja. Na wenye shamba wengine bado wako mbali. Hawapo hapa wa kupiga kelele. Tangu vita vya Januari 2023 kuna mashamba ambayo mwenyewe hajayaona. Nyasi ndefu hazimaanishi shamba halina mtu.

Kwa hiyo, wazee wa chama, kabla shofere hajawasha mashine kwa shamba lolote, waiteni majirani wa pande zote nne. Ulizeni jina la aliyekuwa analima hapo. Akiwa hajarudi, pitieni mbali. Na ninyi mlio mbali, mkituambia majina ya majirani wenu na alama za mipaka yenu, ziandikwe sasa, wakati bado kuna wazee wanaokumbuka.

Mvua ya kulowa koti inakauka kabla ya jioni. Mpaka uliofutwa unaweza kuleta damu kwa watoto wetu.