Upasuaji wa tumbo hauishii siku ya kutolewa nyuzi

Wapo wanamama wa Kinshasa, Lubumbashi na Goma wanaosafiri hadi Uturuki ao Tunisia ili kupunguzwa tumbo kwa upasuaji. Wengine tumbo limelegea baada ya kuzaa mara nyingi, wengine baada ya kupungua uzito. Hiyo ni haki yao, na hatuandiki kuwahukumu. Kinachotuhangaisha ni yale yanayofuata wanaporudi nyumbani.

Mkato wa upasuaji huu ni mrefu: hupita chini ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi nyingine. Ngozi ikishaungana kwa nje, wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe kovu huendelea kubadilika kwa miezi 12 hadi 18. Na daktari aliyekata yuko mbali, katika nchi nyingine.

Hapo ndipo siri inapoleta hasara. Mama hakumwambia jirani, pengine hata mkwe, basi anaogopa kwenda hospitali. Anajitibu chumbani: unga wa vidonge vya antibiotiki juu ya kidonda, maji ya limau, ao pomadi ya kung'arisha ngozi ili kovu lisionekane jeusi. Nyingi ya pomadi hizo zina kotikosteroidi kali ao hidrokinoni. Ya kwanza huchelewesha kidonda kupona, ya pili huunguza ngozi changa. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto nako si dawa: ngozi iliyokatwa hupoteza hisia kwa muda, na mtu anaweza kuungua bila kujua.

Matunzo yenyewe si ya ajabu. Kidonda kiwe safi na kikavu. Kwa wiki 6 hivi, usinyanyue bidoni ya lita 20 wala kubeba mtoto mgongoni, mpaka daktari aruhusu. Tumbaku iachwe, kwani hupunguza damu inayofika kwenye ngozi. Kidonda kikishafunga kabisa, bila gamba wala maji, jeli ao vipande vya silikoni husaidia kulainisha kovu. Vipande huvaliwa saa 12 ao zaidi kwa siku, kwa miezi 2 ao 3 hivi.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo moja zaidi la kuangalia: keloidi. Ni kovu linalonenepa na kuvuka mpaka wa mkato, likiwasha ao kuuma. Likiwahiwa, daktari anaweza kulidunga sindano za kulipunguza. Kulikata tu, bila matibabu mengine, mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa kuliko mwanzo. Aliyewahi kupata keloidi sikioni ao kifuani amwambie mpasuaji kabla ya kulala mezani.

Na kuna dalili zisizongoja kesho: homa, usaha, harufu mbaya, kidonda kufunguka. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani upesi, basi gusa: joto na uvimbe vinavyoenea ni onyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, ao pumzi ikikata, huenda damu imeganda, hasa baada ya safari ndefu ya ndege. Kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Tunawaomba wanaosafiri wasirudi bila karatasi inayoeleza upasuaji waliofanyiwa na dawa walizopewa. Na madaktari na wauguzi wetu tunawaomba jambo dogo zaidi: msiwacheke. Mama anayepokelewa kwa swali la "nani alikutuma?" hatarudi tena, na atakayemtibu ni muuza pomadi wa sokoni.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kovu linaweza kubaki siri ya mwenyewe chini ya kitenge. Kidonda kinachooza, hapana.