Fungu la Marehemu Si la Ndugu Zake

Kaunti ya Kakamega, mashamba mengi bado yana hati zenye majina ya mababu. Mzee hufariki bila wosia, kesi ya mirathi haifunguliwi, kisha mwanawe naye hufariki. Wajukuu huambiwa kwamba fungu la baba yao limezikwa naye.

Si kweli!

Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, iko wazi katika kifungu cha 41: mtoto akitangulia kufa kabla ya mzazi, watoto wake hugawana sawa fungu lake. Akifa baada ya mzazi, fungu huingia katika mirathi yake mwenyewe, na mjane wake ana haki humo. Chifu anayeandika barua ya kuorodhesha warithi asiwaruke yatima hawa, wasichana wakiwemo. Barua hiyo ndiyo huambatanishwa na maombi mahakamani.