Kwa jirani nako ni ugenini

MEI 2017, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam na kuitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangu hapo, nguvu kubwa imeelekezwa kwenye mitaala, vyeti na ada. Hayo ni ya lazima. Lakini mwanafunzi anayekwenda kusoma muhula mmoja katika nchi jirani habebi vyeti pekee. Hubeba na mazoea yake.

Hapo ndipo penye pengo. Anayekwenda London hutafuta koti, huwauliza waliomtangulia na hujifunza desturi za huko kabla ya kuondoka. Anayekwenda Kigali, Kampala au Dar es Salaam hupanda basi akiamini kuwa anakwenda kwa ndugu, na kwa ndugu hakuna la kujifunza. Ujirani humdanganya.

Mkenya aliyezoea kuagiza kwa kusema "nipe chai" ataonekana mkavu Dar es Salaam, ambako hata mwenye fedha mkononi husema "naomba". Akimpita mtu mzima bila "shikamoo", atahesabiwa hana adabu. Mtanzania akifika Kigali atakuta saa imerudi nyuma kwa saa moja, magari yanapita kulia, na asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kujenga taifa. Kwa Waganda, binti kupiga magoti anapowasalimu wakubwa ni heshima. Mgeni asiyelijua hilo hukimbilia kuhukumu.

Kila moja ni jambo dogo. Yakikusanyika, humfanya mwanafunzi ajifungie na wenzake wa kwao, wapike chakula chao, wazungumze lugha yao na kuhesabu wiki za kurudi. Muhula huisha, alama hupatikana, na jirani hubaki mgeni vilevile. Hasara hiyo haiandikwi kwenye cheti, lakini ndiyo inayoiumiza Jumuiya.

Dawa yake si ghali. Vyuo vinavyopeleka wanafunzi viwakutanishe na waliokwisha kurudi, na viwafundishe Kiswahili cha sokoni na cha daladala wale wasiokizungumza. Vyuo vinavyopokea vimpe kila mgeni mwanafunzi mwenyeji wa kumwongoza wiki za mwanzo. Wazazi wasiishie kuuliza nauli na bima. Wamweleze kijana wao kwamba upweke wa siku za kwanza ni kawaida, na hupita.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake: aulize kabla ya kucheka, atazame kabla ya kulinganisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa mgeni aliyejifungia chumbani.