Wiketi Moja ya John Nagenda

Tarehe 7 Juni, 1975, katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, timu ya Afrika Mashariki iliteremka kupambana na New Zealand katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Miongoni mwa warusha mpira wa kasi wa timu ile alikuwamo Mganda mwenye umri wa miaka 37, John Nagenda. Alimtoa mchezaji 1, na wapinzani wakamchumia mikimbio 50. Glenn Turner peke yake aliipatia New Zealand mikimbio 171 bila ya kutolewa. New Zealand ilipata 309, Afrika Mashariki 128. Nagenda hakupangwa tena dhidi ya India wala Uingereza, na kazi yake katika Kombe la Dunia ikaishia hapo.

Tangu alipofariki Machi 2023, wapo wanaomkebehi kwa wiketi hiyo moja. Sisi tunaona kwamba wengi wao hawana ugomvi na mpira wake. Wana ugomvi na siasa zake. Mambo hayo mawili hayana budi kutenganishwa.

Tuanze na mpira. Timu ile iliundwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Waafrika weusi walikuwa wawili tu, Nagenda na Sam Walusimbi, na wote wawili Waganda. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Uganda ilikuwa na shule, kama vile King's College Budo, ambako mtoto wa Kiafrika aliweza kushika gongo la kriketi. Kwetu Bara mchezo ulibaki ndani ya klabu za jimkana na za jumuiya. Unguja ulichezwa Mnazi Mmoja, machoni pa kila mpita njia, na hata hivyo wengi wa wapita njia hao hawakukaribishwa kuucheza. Kwa hiyo mtu anayecheka wiketi moja ya Nagenda ajiulize kwanza ni vijana wangapi wa Rufiji au Mafia waliopewa mpira ule mkononi mwaka 1975.

Sasa siasa. Mwaka 1986 Nagenda aliteuliwa katika Tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu nchini Uganda, chini ya Jaji Arthur Oder. Kazi nzito, na ya heshima. Baadaye akawa mshauri mwandamizi wa Rais Museveni, na huku akiandika safu yake ya kila Jumamosi katika gazeti la New Vision. Kalamu yake ilikuwa kali kama mpira wake. Haikuwaacha wapinzani, na mara nyingine haikuwaacha hata wakubwa wa upande wake. Ujasiri huo tunausifu. Lakini hatuwezi kuficha kasoro yake: msomaji hakujua daima kama anasoma rai ya Nagenda au sauti ya Ikulu. Maofisa wa Serikali wanaotusoma wanaijua vizuri hatari hiyo. Ofisa anayenyamaza kabisa anawanyima wananchi maelezo. Na anayesema sana bila ya kueleza anasema kwa niaba ya nani, anawachanganya.

Nagenda hakujaliwa kuona Novemba 2023, Uganda ilipofuzu Kombe la Dunia la ova 20. Juni 2024, huko Guyana, Waganda waliishinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, akatoa wachezaji 2 kwa mikimbio 4 tu. Kabla ya wiki kwisha walitolewa wote kwa mikimbio 39 na West Indies. Wakachekwa, kama alivyochekwa mtangulizi wao.

Nasi hatuko nyuma. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la rika lao kwa mara ya kwanza. Ushindi huo usibaki Dar es Salaam. Kutoka huko hadi Pangani ya Kibaha ni safari fupi, na viwanja vya shule tunavyo. Kisarawe vipo pia. Kilindoni si karibu, lakini boti zinakwenda. Tunawaomba maofisa michezo wa wilaya zetu watueleze hadharani, kabla ya muhula ujao, ni shule ngapi zitapelekewa magongo na mipira, na Mafia imetengewa ngapi.